Kifungo Ambacho Sikukiangusha Koponi

Kazi yangu ilikuwa cherehani, pale Nyeri mjini, lakini ukiwauliza watu wa enzi zile watakwambia nilikuwa mtu wa rali, yale mashindano ya magari ya kila Pasaka. Cherehani ilinilisha na rali ikanipa la kusema. Na la kusema sikulikosa hata siku moja. Gari la Kijapani, lile jepesi lenye kelele, nilisema litafika, ila dereva atashuka mgongo umekufa ganzi. Gari la Kijerumani, zito na pana, nilisema hilo ndilo gari: hata likipinduka nawe, unatoka, unajipangusa vumbi, unauliza chakula kiko wapi. Maneno hayo ya mwisho yashike, nitayarudia, ingawa ningependa kuyaacha.

Sikuishia kwenye magari. Kulikuwa na barabara ya lami iliyotoka mjini vizuri kabisa, ikapanda, ikakata kona, ikafa mlangoni kwa mkubwa mmoja, na wengine wote kuanzia hapo wakaachiwa matope. Nilikuwa na maoni kuhusu lami hiyo, na niliyatoa nikiwa nimeinamisha kichwa juu ya cherehani ili mtu asijue hasa ni nani aliyesema. Miaka hiyo ya sabini rali ilikuwa imeacha kuvuka kwenda Uganda na Tanzania, na jumuiya ya nchi zetu tatu ilikuwa inakokota miguu. Mimi nikasema mawaziri wetu wangefungiwa ndani ya gari moja, wasukumane kwenye matope kutoka Kampala hadi Dar es Salaam, wangefika wamepatana. Watu walicheka. Nilipenda sana wakicheka.

Halafu kahawa ikapanda bei. Vilima vyote vya Tetu, nje kidogo ya mji, vikang'aa mabati mapya, na kila nyumba ikanunua redio. Ungedhani duka langu lingeachwa. Wapi! Taarifa za rali kwa Kiswahili zilikuwa fupi mno, nani wa kwanza na nani wa pili, basi. Habari yenyewe, nani amekwama mtoni na nani amevunja springi, ilisomwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha puani, cha haraka. Mimi nilikuwa nimekaa miaka mingi nikishona sare za shule ya wamisheni, na Kiingereza cha puani nilikizoea huko. Kwa hiyo kila Pasaka watu waliacha redio zao mpya nyumbani, wakaja kuketi kwenye benchi la veranda yangu kusikiliza yangu kuukuu.

Tulikuwa na ramani. Nilitandika juu ya meza ya kukatia nguo ile karatasi ya kaki ninayochorea suti kabla ya kugusa kitambaa, nikachora barabara kwa chaki. Mlima niliuweka rili ya uzi mweupe. Magari yalikuwa vifungo: vya shati kwa Wajapani, vya koti kwa Wajerumani, vya gauni kwa Wafaransa, kwa sababu ndivyo nilivyoona mimi. Kila taarifa iliposomwa nilisogeza vifungo. Gari likitoka mashindanoni, kifungo chake nilikiangusha kwenye kopo tupu la kakao, na kikilia humo benchi lote lilisema "Pole!" kwa pamoja, hata wale waliokuwa wakiombea gari hilo lianguke. Kanuni ilikuwa moja: hakuna wa kugusa vifungo isipokuwa mimi, na mimi sigusi mpaka redio iseme.

Mwaka ninaousimulia, alikuja mama mmoja wa kijiji cha Wamagana, huko huko Tetu. Alikuwa mjane, mwenye kahawa kidogo na ng'ombe wawili wa maziwa, mtu wa kanisa, na hakuwa amewahi kuikaribia veranda yangu ila kupunguza urefu wa sketi. Mwanawe wa pekee alikuwa fundi wa magari Nairobi, kwenye gereji ya Mhindi mmoja aliyependa kushindana, na mwaka huo Mhindi alikuwa amemchukua awe msoma ramani wake. Walikuwa na gari la Kijerumani.

"Wanasema wewe unajua yenye redio inasema," akaniambia. Kwa sababu mwenye bucha jirani yangu, Mwislamu wa mtaa wa Majengo, hakuwa Mkikuyu, pale verandani tuliongea Kiswahili wote, kila mtu chake. "Mimi nataka tu kujua ako wapi. Hiyo ingine ni yenu."

Nikamwambia achague kifungo. Alizamisha mkono kwenye sanduku, akavipita vile vizuri vya kung'aa, akatoa kifungo kikubwa cheusi cha koti la baridi, chenye matundu manne.

"Hii haiwezi kupotea," akasema.

Ijumaa Kuu magari yalipita Tetu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ule udongo mwekundu ulikuwa umelainika vizuri. Mama alisimama juu ya ukingo wa barabara tangu asubuhi, akiwa na sweta mbili na majani ya mgomba kichwani. Mimi sikwenda, nilikuwa na redio ya kulinda. Lakini alinisimulia kesho yake, Jumamosi, alipokuja kuketi kwenye benchi na kikapu chake miguuni.

"Nimeona mkono," alisema. "Gari ilipita na matope yote, sikuona uso. Lakini mkono ulitoka dirishani, namna hii. Na hiyo mkono ni yake, koti ni ile nilimnunulia."

"Sasa umeshinda, mama," mwenye bucha akamtania. "Sisi hapa hatujaona hata mkono wa fundi ukifanya kazi tangu Alhamisi."

Alicheka. Kisha akanigeukia.

"Fundi, kijana yangu ako wapi saa hii?"

"Ako nyuma ya mlima, mama. Wamepita Meru, wanazunguka waje Embu."

"Na amekula?"

"Redio haisemi mambo ya chakula."

"Hiyo redio haina mama," akasema, akatoa nduma za kuchemsha kikapuni akatugawia.

Taarifa ya saa saba ikaanza tukiwa bado tunatafuna. Mtangazaji akataja wanaoongoza. Akataja aliyevunja kioo. Kisha akasoma namba ya gari la Mhindi, akasema lilikuwa limepinduka asubuhi hiyo kwenye kona baada ya daraja, upande wa Meru, na kwamba dereva na msoma ramani wake wamechukuliwa wakapelekwa hospitali huko. Hakusema zaidi. Akaendelea na matope ya Embu.

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kifungo cheusi. Nilikuwa nimekishika kabisa, kwa mazoea tu, nikikipeleka koponi. Nikainua macho, nikamwona mama ananitazama, na kipande cha nduma kiko nusu ya njia kwenda mdomoni.

"Inasema nini?"

Nataka niseme ukweli kuhusu kilichopita kichwani mwangu, maana miaka mingi nilijidanganya kwamba ilikuwa huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini kilichonituliza hasa kilikuwa maoni yangu mwenyewe. Si nilikuwa nimesema mara mia kwenye benchi hilo kwamba gari lile haliwezi kumuumiza mtu? Si nilisema unatoka unajipangusa vumbi? Nikawaza: hospitali ni kuangaliwa tu, wazungu wa rali ndivyo wanavyofanya, mtu akikwaruzwa kidole anapelekwa hospitali. Jioni watasema ametoka. Nikaamini hivyo, naapa, wakati ule ule nilipofungua mdomo.

"Wamechelewa kidogo," nikasema. "Ni matope."

Nikakiweka kifungo chini kwenye ramani na kukisogeza nusu kidole kuelekea Embu.

Mama akameza nduma yake. "Matope tu," akasema. "Hata hapa kwetu matope ni mingi."

Alipoondoka kwenda kukamua, mwenye bucha alikuja na kisu chake mkononi na aproni ya damu. Kiingereza kilikuwa kinampita, lakini sauti ya mtu inaeleweka katika lugha yoyote.

"Fundi, ile habari ilikuwa ndefu. Wewe umeifupisha."

Nikamwambia yote. Akapangusa kisu.

"Mwambie," akasema. "Bado yuko njiani, mfuate."

"Kesho ni Pasaka, shehe. Mwache aende kanisani na roho safi. Gari lile ni zito, hiyo ya hospitali ni kuangaliwa tu."

"Umeliona?"

"Nini?"

"Hilo gari. Baada ya kupinduka, umeliona?"

Sikuwa nimeliona. Nikakasirika, kama ninavyokasirika nikibanwa, nikamwambia aende akamwambie yeye mwenyewe kama anajua sana. Akasema hakusikia kwa masikio yake, na jambo la mtoto wa mtu haliwezi kupelekwa nusu nusu. Mwenye kusikia ni mimi. Akarudi kwenye nyama zake.

Taarifa ya jioni haikulitaja gari hilo tena. Nikaichukua hiyo kuwa habari njema. Nikasogeza kifungo.

Jumapili nilikuwa kanisani, kiti cha tatu kutoka nyuma. Wakati wa ushuhuda ulipofika, mama akasimama. Alikuwa amevaa kitambaa chake cheupe cha kichwa. Akasema anamshukuru Mungu kwa Pasaka, kwa mvua, na kwa kijana wake aliye barabarani na watu wakubwa wa dunia. "Nilikuwa na hofu," akasema, "lakini fundi amenisomea redio. Ni matope tu. Mungu ambariki fundi." Watu wakageuka kunitazama, wakatabasamu. Mzee aliyekuwa mbele yangu akanyoosha mkono nyuma nikaushika. Wakaanza kuimba, na mimi nikaimba pia, na ninakumbuka sauti yangu ilitoka kubwa kuliko siku zote.

Ningeweza kumwambia nje, kwenye nyasi, wakati watu wanasalimiana. Nilimkaribia kabisa. Akanishika mikono yote miwili akaniuliza kama wamefika Embu, nikasema ndiyo, wanakuja sasa upande wa Thika. Ukishasema kwamba mtu amechelewa kwa matope huwezi tena kumwacha palepale, lazima gari litembee. Hilo ndilo sikulijua nilipoanza.

Jumatatu gari la Kijapani lilishinda. Benchi lilijaa watu wanaonizomea mimi na Wajerumani wangu, na kwa saa nzima nilijibu kila mtu. Nilisema Wajapani wamebebwa na ndege yao ya kuwaonyesha njia. Nilisema nchi yetu inajenga barabara mbaya makusudi ili wageni wawe na mahali pa kujaribia magari. Nilikuwa katikati ya hoja hiyo, nzuri sana, wakati karani wa chifu alipofika kwa baiskeli, ametapakaa matope hadi magotini, akauliza nani anajua kwa mama fulani wa Wamagana, mwenye kijana wa rali.

"Kuna nini?" watu wakauliza.

"Polisi wa Meru wamepiga simu kwa polisi wa hapa. Kijana amevunjika mguu na mbavu, na kichwa kimegongwa. Yuko hospitali tangu Jumamosi. Anataka mama yake."

Wote wakatazama ramani, na kwenye ramani kifungo cheusi kilikuwa kimetulia karibu na Thika. Nilimwelekeza karani njia: upite kiwanda cha kahawa, ushuke mtoni, nyumba yenye mabati mapya na mti wa mparachichi. Nilimwelekeza vizuri sana. Sikumsindikiza.

Zilipita wiki mbili. Sikuikunja ile karatasi wala kugusa kifungo, nilikata nguo za watu kwenye ncha ya meza nikiizunguka. Kisha asubuhi moja mama akaingia, akaweka koti mbele yangu. Lilikuwa lile koti alilomnunulia. Mkono wa kulia ulikuwa umekatwa kwa makasi kuanzia kiwiko hadi begani, mkato mmoja mnyoofu, jinsi wauguzi wanavyokata ili wamvue mgonjwa.

"Shona hii," akasema. "Atakuja nyumbani Jumamosi, na kuna baridi."

Nikaketi nikashona. Sijawahi kushona kwa uangalifu namna hiyo, hata suti ya harusi. Mama alisimama akitazama nje, kwenye barabara.

"Kijana alikuwa anaambia masista wa wodi hivi," akasema. "Mama yangu anasikiliza redio kwa fundi wa Nyeri. Amesikia tangu Jumamosi saa saba. Ako njiani. Kila gari ikiingia hapo nje anainua kichwa kuangalia dirishani. Daktari anamwambia, usiinue hiyo kichwa. Yeye anasema, ni mama yangu huyo. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Mimi niko kanisani nasema asante."

Cherehani ilisimama, sijui kama ni mimi niliyeisimamisha.

"Mama, nilidhani..."

"Najua ulidhani. Wewe unadhani vizuri sana, watu wote wanasema. Lakini mimi sikukuja kwako unidhanie."

Hakupandisha sauti. Nilitaka apandishe. Nilitaka anitukane mbele ya mwenye bucha na mbele ya mji mzima, ili nami nipate kuona aibu ya kawaida, ya kupita. Badala yake alisogea mezani, akaweka kidole karibu na kifungo bila kukigusa.

"Hapa ni wapi?"

"Thika."

"Na Meru?"

Nikamwonyesha, upande mwingine kabisa wa rili ya uzi. Alitazama Meru, akatazama Thika. Akachukua koti lake, akanishukuru kwa kazi, akaondoka. Nikakitia kifungo kwenye kopo. Kililia, na hakukuwa na mtu wa kusema pole.

Mwaka uliofuata nilifikiri sitachora ramani. Nilimwambia mwenye bucha kwamba nimechoka na rali, kwamba ni mchezo wa matajiri. Akaniambia hayo ni maoni, akaniletea chaki. Na Jumamosi ya Pasaka, nikiwa nimeinama juu ya meza, nikaona kikapu kimewekwa miguuni pa benchi. Mama alikuwa ameketi mahali pake. Kijana wake alikuwa nyumbani, akitembea kwa fimbo na kutengeneza pampu za dawa za kahawa kwa majirani. Hakutaka hata kusikia mlio wa gari la mashindano. Lakini yeye mama alikuja.

"Mwaka huu," akasema, na benchi lote likamsikia, "utanisomea kwanza ya redio. Ya redio peke yake. Yako tutangojea."

Watu walicheka, mimi pia. Ikawa ndiyo desturi mpya. Nilisema, "Redio inasema," nikasema ilichosema, nikanyamaza. Kisha mwenye bucha, kwa adabu kubwa, akauliza, "Na fundi anasemaje?" na hapo ndipo nikafunguliwa kamba. Nilikuwa nimeanza hata kuufurahia mpangilio huo. Kulikuwa na mengi ya kusema mwaka huo, kuhusu kahawa iliyoanza kushuka na wakubwa walioanza kujisahau.

Taarifa ya saa saba ilitaja gari lililotumbukia bondeni kaskazini ya mlima. Msoma ramani wake tulimjua, alikuwa kijana wa Karatina, na suti yake ya harusi niliishona mimi. Nikasikiliza hadi mwisho. Benchi liliona uso wangu.

"Redio inasema gari limetoka barabarani likaanguka," nikasema. "Inasema wote wawili wamepelekwa hospitali Nanyuki. Haisemi kama ni wazima."

"Na fundi anasemaje?" mwenye bucha akauliza polepole.

"Fundi hajui."

Sikuwahi kulisema neno hilo kwenye veranda yangu. Mama alikuwa ameshainuka, anafunika nduma zake.

"Mama yake anaishi wapi?"

"Karatina, nyuma ya soko. Nilienda kumpima kijana huko."

"Ana redio?"

"Anayo. Ya Kiingereza haisikii."

"Basi funga duka," akasema. "Tumchukue kwanza. Nanyuki tutafika jioni kama tutatoka sasa."

Nikakiangusha kifungo koponi, na benchi likasema pole. Mwenye bucha alinawa mikono akafunga bucha Jumamosi ya Pasaka, siku anayouza kuliko zote. Nilitafuta kofia yangu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana nilikuwa naogopa, na mama alinisubiri mlangoni.

"Utasema wewe, kwa sababu wewe ndiye ulisikia," akaniambia tukiteremka kwenda steji ya mabasi. "Na ukifika kwa huyo mama, fundi, usimwambie gari ilikuwa nzito."